Barua kwa mwanangu Deo: Tunduru nani atakupa dozi?

Mwanangu Deo,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo. Mama yako goti bado linamsumbua lakini anatembea, na jumuiya anakwenda.

Habari za Tunduru nimezipata kwa dada yako, si kwako. Hilo tuliache, ingawa mimi sijaliacha. Skola anasema umepata kazi ya kuchomelea kwa mkandarasi, unatakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi ujao, na unafurahi kwa kuwa utakuwa karibu na nyumbani. Mama yako aliposikia alipiga kigelegele, akaanza kuchagua jogoo wa kuchinja. Akaniona nimekaa kimya, akaniuliza, baba Skola, hufurahi mwanao kurudi? Nikatoka nikaenda kuangalia nguruwe.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utasema "sawa mzee" na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Swali langu ni moja, la methadoni, hiyo dawa unayokunywa kila siku kliniki badala ya heroini, na nataka jibu kabla hujapanda basi. Tunduru nani atakupa dozi?

Yule nesi wa Temeke alipotukalisha mimi na Skola kwenye benchi, niliyaandika aliyosema kwenye daftari la shamba, ukurasa wa nyuma ya hesabu ya mbolea. Ninalo hapa. Methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, ikaja Mwananyamala, ikaja hapo kwenu Temeke. Baadaye zikafunguliwa nyingine: Zanzibar pale Kidongo Chekundu, Mbeya, Mwanza, Dodoma kule Itega, Tanga, Arusha, Bagamoyo. Nimesoma orodha hiyo mara nyingi wiki hii, na kila nikisoma Tunduru haimo. Kama imeongezwa baadaye nami sina habari, nitafurahi kuaibika. Basi uliza pale dirishani kwako, upate jibu la mtu wa kliniki, si la kondakta wala la huyo mkandarasi.

Na usiniambie karibu. Kutoka hapa Songea hadi Tunduru ni zaidi ya kilomita 250. Lami ipo, ndiyo, lakini hakuna mtu anayekwenda na kurudi umbali huo kila asubuhi kwa ajili ya kikombe cha dawa. Ungekuwa karibu nasi ukawa mbali na dawa, huo si ukaribu ninaoutaka.

Skola ananiambia una mpango wa kujipunguza mwenyewe, uachane nayo kabla ya safari. Wiki mbili! Nani kakufundisha hesabu hiyo? Kupunguza kupo, nesi alisema, lakini anapunguza daktari, kidogo kidogo, kwa miezi, na mwili ukikataa anasimama hapo hapo. Ukikata ghafla arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, itakukuta kwenye kambi ya watu usiowajua: mafua, miayo, tumbo, mifupa kama inavunjwa, usiku hulali. Asubuhi msimamizi anataka umeshika mashine. Unadhani nani atakuja kukufariji hapo? Atakuja mwenye kete za heroini. Tunduru ni mji wa vito na korosho, hela ya haraka ipo, na penye hela ya haraka hao hawakosekani.

Arosto yenyewe mara nyingi haiui. Kinachoua ni kinachofuata. Mtu aliyekaa muda mrefu bila unga mwili wake haubebi tena kile ulichokuwa ukibeba. Akirudi kwenye kiasi cha zamani pumzi inakata. Ndivyo alivyoondoka yule mwenzenu wa maskani aliyetoka gerezani, unamjua, sitamtaja kwa sababu mama yake bado tunasalimiana. Hakutumia kingi kuliko zamani. Alitumia kile kile.

Na kama utakosa dozi siku tatu mfululizo, hata kwa sababu ya safari tu, usirudi ukadai ile ile ya juzi. Daktari lazima akuangalie upya, ataishusha kwanza. Usiwadanganye siku ulizokosa. Najua ulivyo, hupendi kuonekana umekosea, na uongo mdogo pale dirishani unaweza kukulaza chini.

Baba yako mdogo wa Mbeya nimemweleza. Hakusema mengi, unamjua. Aliuliza tu kama bado unakoroma. Ana chumba cha uani, na kazi za kuchomelea Mbeya hazikosi, mageti tu ya Uyole yangekuweka mjini. Na Mbeya kliniki ipo. Kama umeamua kuondoka Dar, basi nenda huko, lakini kwa utaratibu: waambie Temeke mapema, wakuandikie barua ya uhamisho yenye kiwango cha dozi yako na siku ya mwisho uliyokunywa, wawasiliane na Mbeya wenyewe, ndipo ukate tiketi. Usifike kwanza halafu ndiyo uanze kujieleza. Wale hawawezi kumpa mtu dawa nzito kwa maneno yake tu, na wana haki.

Nasikia wapo wanaopewa dozi za kwenda nazo nyumbani, waliotulia muda mrefu. Hilo la daktari, muulize. Lakini usilifanye ndiyo mpango wa Tunduru. Dozi za siku chache haziwezi kuwa kazi ya mwaka mzima. Na ukipewa, ziwe kwenye boksi lenye kufuli. Watoto wa kambini wakiona chupa yenye maji matamu wanakunywa, na kiasi kinachokuweka wewe sawa kinamuua mtoto.

Kuna ndugu zetu, unawajua pia, wanaosema umehamisha kilevi kimoja kwenda kingine. Walinisema hata mimi pale msibani Bombambili. Nikawajibu kwamba mama yenu hapa anameza vidonge vya presha kila asubuhi mwaka wa ngapi sijui, mbona hakuna anayemwambia aache awe mwanamke jasiri? Wakanyamaza, wakarudi kwenye wali. Wewe ukitaka kujipunguza kwa ajili ya midomo yao, midomo hiyo haitakuja Tunduru kukuokota.

Nakumbuka nilivyokuangalia ukinywa. Nesi anaminya pampu, dawa inadondoka kwenye kikombe kidogo, anaongeza maji, anakuita jina. Unakunywa mbele yake, kisha anakuuliza habari za leo, na wewe unajibu. Nilidhani ni adabu tu ya kusalimiana. Kumbe anataka uongee aone umemeza. Wewe ulijibu, "Nzuri dada, leo nina mtihani VETA." Sikuwa najua habari za mtihani. Cheti chako mama yako amekitia fremu, kipo ukutani karibu na picha ya Papa, na wageni wote wanalazimishwa kukisoma. Mimi nimeshakisoma.

Kwa hiyo usidhani nakukatalia kazi. Kazi uliyoipata kwa mikono yako mwenyewe, bila mimi kumpigia mtu simu, nimeiringia kwa watu. Lakini Tunduru nani atakupa dozi?

Skola kasema pia unakohoa, imepita wiki mbili. Mbona hukusema? Kapime TB, kikohozi cha muda huo ndicho wanachokiuliza wao wenyewe pale kliniki. Wakikukuta nayo usiogope, inatibika na dawa ni bure, ila hakikisha wale wa TB na wale wa methadoni wanajuana habari zako. Ile dawa yao inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa huifanya methadoni iishe haraka mwilini. Utaanza kusikia arosto mchana, udhani dawa imekushinda, kumbe ni dozi tu inayotakiwa kurekebishwa. Watu wamekimbia kliniki kwa jambo hilo dogo.

Na pombe usichanganye. Wala zile valiamu za kuokota. Methadoni na pombe zote mbili zinalaza pumzi. Najua utasema hata wewe mzee. Komoni ya kwa mama Haule imekwisha tangu Kwaresma, muulize mama yako kama humwamini baba yako. Na chupa zile ulizozikuta ukiwa darasa la tano hazipo tena pale zilipokuwa.

Hapa mtaani siku hizi nimekuwa kama ofisi. Mtu akiwa na kijana aliyeharibika anatumwa kwangu, eti nina uzoefu. Mtoto wa jirani yetu wa mteremkoni ni pombe kali, zile za chupa ndogo za plastiki walizohamia vijana baada ya viroba kupigwa marufuku 2017. Wazazi wakamfungia chumbani aache. Siku ya tatu akaanza kutetemeka, anaona wadudu ukutani, kisha degedege. Nikawaambia mbebeni sasa hivi hospitali, mnywaji wa kila siku hasimamishwi ghafla nyumbani, anaweza kufa kwa kuacha. Akalazwa, akapewa dawa za kumtuliza na sindano za vitamini, sasa anakula. Baba yake akaniuliza kuhusu methadoni, nikamwambia hiyo ni ya watu wa unga, kwa pombe haisaidii kitu. Naye alitaka kumpeleka moja kwa moja soba hausi, nyumba ya kukaa wanaoacha ulevi, aliyosikia kwa mtu barabarani.

Hapo nikamzuia, nikamwambia kwanza nenda mwenyewe ukaione. Uulize kama imesajiliwa, na daktari anayepita ni nani. Uulize kama ndugu wanaruhusiwa kuingia hadi vyumbani au wanaishia getini. Ukiona mnyororo, ukiambiwa usije miezi mitatu, geuka na mwanao. Na kama hujui pa kuanzia, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure, 119, waulize wao. Akaniuliza nimeyajuaje yote hayo. Nikamwambia nilimuuza ng'ombe. Karatasi za soba hausi ile yako nani alizisaini wewe unajua, na hela ya yule mganga kabla yake pia unajua ilitoka mfuko gani. Methadoni imekuja mwisho, na ndiyo pekee iliyokuwa ya bure.

Mambo mengine. Mbolea ya ruzuku nimepata, lakini namba yangu ya usajili ilisoma jina la marehemu babu yako, ikabidi nishinde ofisi ya kata siku nzima. Mahindi ya mwaka jana tumeuza kwa NFRA, wale wa hifadhi ya chakula ya taifa, hela imeingia, nusu imekwenda kwa goti la mama yako kule Peramiho. Walisema apunguze uzito. Hajapunguza. Jike la nguruwe limezaa, wamekufa wawili, waliobaki wananyonya vizuri. Bati la jikoni lilitoboka, lile ulilosema utalichomelea Krismasi. Nimeweka ndoo chini yake. Krismasi njoo ulichomelee, ila omba ruhusa kliniki mapema uje na dozi zako, au uje siku chache ambazo daktari amekubali. Usije kwa kuruka.

Na usimfiche huyo mkandarasi kwa hofu halafu ukajikuta unachagua kati ya zamu na dawa. Fundi anayejua kuchomelea hatafutwi kwa tochi gizani, nakubali, lakini anatafutwa. Kama atakuchukua kwa kazi zake za Dar au Mbeya, mwambie una dawa unayokunywa kila asubuhi na utaingia kazini saa mbili na nusu badala ya saa moja. Jina la dawa si lazima alijue. Akikataa, akatae.

Nafahamu umechoka na foleni. Kuamka gizani, daladala, kusimama na watu wale wale, wengine bado wananusa maskani, na walinzi wanaowatazama kama vibaka. Skola alinieleza kuna siku ulirudi bila kusema na mtu. Sina dawa ya hilo. Ongea na yule mshauri wenu, ndiyo kazi yake, na zile siku za kikundi usizikimbie. Mimi nikikusikia umechoka nitasema jikaze, kwa sababu sijui neno jingine.

Jibu barua hii kwa maandishi au mtumie Skola ujumbe mrefu anisomee. Nataka kusikia mambo mawili: kliniki wamesema nini kuhusu Tunduru, na kikohozi umepima lini. Baba yako mdogo anasubiri pia, chumba asije akampangisha mtu mwingine. Nimemwomba akiache hadi mwisho wa mwezi na nimemtumia hela kidogo ya kukishikilia, mama yako asijue, anadhani nimenunua pumba.

Mwambie Skola unga wa mahindi na maharage nimempa dereva wa basi la Alhamisi, magunia mawili, moja lina alama ya rangi nyekundu ndilo lenu. Jingine ni la shangazi yako wa Mbagala, msilifungue kama mwaka jana.

Ni mimi baba yako,
Songea