Mkiuliza "hii ni falasi gani" leteni hoja nzima

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu maana limenikaa kooni muda mrefu. Chuoni nilisoma mantiki, kwa hiyo watu wakibishana kwenye magrupu wananifuata, na swali ni lilelile kila siku, mtu anakutumia sentensi moja kaikata katikati halafu anauliza hii ni falasi gani, yaani ni kosa gani la mantiki. Sasa nitajuaje jamani? Sentensi peke yake ni dai tu, linaweza kuwa kweli au uongo, ila kosa la mantiki linakaa pale mtu anapotoka kwenye sababu kwenda kwenye hitimisho, usiponiletea vyote viwili sina cha kupima.

Juzi kijana kanitumia hii: "Wewe hata leseni huna." Basi, hamna kingine. Kaambiwa hivyo na mwenzake, anataka niseme ni kosa la kumshambulia mtoa hoja badala ya kujibu hoja, ili akambandike mwenzake jina hilo. Nikamuuliza mlikuwa mnabishania nini, ananijibu hiyo haihusu kaka, we nipe jina tu. Inahusu sana! Kama walikuwa wanapiga hesabu ya mafuta na nauli ya daladala basi leseni haiingii popote, hesabu ni hesabu hata akiipiga mtoto wa darasa la nne. Lakini nilipombana ikaonekana ubishi ulikuwa wa nauli kweli, ila yeye ndo alianza, badala ya kupiga hesabu aliandika nimeendesha daladala miaka kumi niaminini mimi, sasa hapo mwenzake kuulizia leseni kakosea wapi wakati huo uzoefu ndo ushahidi pekee alioleta? Maneno ni yaleyale, huku ni kosa, huku ni swali la haki kabisa.

Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alieleza aina 13 za makosa haya zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na kila moja alionyesha linavyodanganya, hakuishia kutaja jina. Sisi tunataka jina tu. Tena hata hoja ikiwa mbovu haimaanishi kilichosemwa ni uongo, mtu akikwambia jua linachomoza mashariki kwa sababu babu yake alisema, sababu ni dhaifu lakini jua linachomoza mashariki.

Kijana alininunia, akaenda kuuliza kwa mwingine akapewa jina alilotaka, akalibandika, wakatukanana mpaka usiku. Ile hesabu ya nauli hadi leo hakuna aliyeipiga.

Msomaji wenu,
Morogoro