Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tabora

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina. Mimi naomba kueleza jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu, yaani majeruhi wanaochomwa kisu kifuani.

Wakati wa masika kijana mmoja kutoka upande wa Urambo aliletwa usiku kwa bodaboda, akiwa katikati ya dereva na kaka yake. Kisu kilikuwa bado kimo chini ya chuchu ya kushoto, na mpini wake ulicheza kwa kila pigo la moyo. Kaka alikuwa amekizungushia khanga, akamkatalia kila aliyetaka kukichomoa. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alijibu kwamba aliogopa tu damu. Presha ilikuwa chini, mishipa ya shingo imetuna, na sauti ya moyo ilisikika kwa mbali, dalili tatu za moyo uliobanwa na damu ambazo daktari wa upasuaji Claude Beck alizieleza mwaka 1935. Kifua kilifunguliwa, damu iliyoganda ikatolewa, na tundu la ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha moyo upande wa kulia, ambayo ndiyo huumia mara nyingi kwa kuwa imekaa mbele, likashonwa. Aliondoka wodini akitembea.

Fuko la moyo halitanuki upesi, kwa hiyo hata damu isiyojaa glasi moja, ikimwagika humo ghafla, yatosha kuubana moyo ushindwe kujaa. Kuivuta kwa sindano hununua dakika chache tu. Tiba ni kushona. Daktari wa upasuaji Ludwig Rehn alilithibitisha hilo mjini Frankfurt mwaka 1896, na mgonjwa wake akapona. Mwaka 1902 huko Montgomery, Marekani, daktari Luther Hill alishona moyo wa mvulana wa miaka 13 nyumbani kwao, kwa mwanga wa taa za mafuta. Nalitaja hili kwa sababu wengi wenu mmewahi kumshikia daktari tochi umeme ulipokatika.

Majeruhi wa pili hatukuweza kumwokoa. Alikaa kituo cha polisi akisubiri PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ilhali fomu ingeweza kujazwa baadaye, na alipofika kwetu mapigo yalikuwa yamekwisha. Jambo hili limeniuma, nami siwezi kulipitisha kama tarakimu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba mwakani ziara zetu zianzie zahanati za Sikonge na Kaliua, zifundishe kutochomoa kisu, kupiga simu hospitali kabla ya gari kuondoka, na kuwaleta ndugu wa kutoa damu pamoja na mgonjwa. Naomba mkutano ulijadili pendekezo hili leo.