Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: gari moja tu la kuvuta malori Kitonga

Mheshimiwa Mbunge,

Salaam. Naandika kwa heshima zote, ila sauti ikinipanda naomba uniwie radhi. Nimechoka.

Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kilomita kama 830. Kwa ndege kutoka uwanja wa Songwe ni saa moja na dakika ishirini hivi. Uwanja ule ulipofunguliwa mwishoni mwa 2012 nilishangilia kama wenzangu. Lakini mimi fundi cherehani nauli ya ndege naitoa wapi? Sisi ni watu wa basi. Tunaondoka saa 11 alfajiri, na safari ikinyooka tunashuka Mbezi usiku, mgongo umekauka.

Jumanne iliyopita haikunyooka. Nilikuwa nampeleka mama kliniki, miadi yake Jumatano saa 1 asubuhi. Tumeshaipita Ilula, ndiyo tunaanza kuteremka mlima wa Kitonga, saa 7 mchana, tukakuta matawi yametandazwa barabarani. Lori la shaba limelala ubavu kwenye kona, limeziba njia zote mbili. Hatukusogea mpaka saa 6 usiku, gari la kuvuta lilipofika kutoka mbali. Saa 11 nzima, Mheshimiwa! Miguu ya mama ilivimba hadi ndala zikamkataa. Nilimtandikia kanga kando ya tairi, akajilaza na bahasha ya vipimo vyake ameikumbatia kifuani.

Kliniki tuliingia saa 4 asubuhi. Zamu yake imepita, arudi baada ya miezi miwili.

Wengine walisema breki zilishika moto, wengine wakasema dereva alisinzia. Mimi naona mzigo umezidi. Shehena ya Zambia na Kongo inateremka mlima ule ule na mabasi ya abiria, ilhali reli ya TAZARA ilijengwa kubeba mizigo ya Zambia. Ingebeba zaidi, Kitonga ingepumua.

Mheshimiwa, ulipokuja kuomba kura ulisimama stendi, jua kali la saa 8, ukaahidi kuisemea barabara hii bungeni kila kikao. Nilikuwa mbele kabisa. Nilikupigia makofi, na kura nikakupa. Vikao vimepita, nami nimesikiliza redio kila mara nikingoja uitaje Kitonga.

Siombi nauli ya ndege ishuke. Hata upanuzi wa barabara, uje wakati wake. Naomba gari moja kubwa la kuvuta malori, likae Kitonga usiku na mchana pamoja na watu wake. Moja tu, Mheshimiwa. Simama useme, hata kwa dakika mbili.

Mama anarudi kliniki baada ya miezi miwili, na njia yetu ni hiyo hiyo. Naomba tulikute hilo gari limeshafika.

Wako mpiga kura,
Fundi cherehani, Mbeya