Kabla hatujauza hisa zetu

Habari za jioni ndugu zangu, poleni na baridi.

Jana baada ya kikao pale Mwanjelwa, dada mmoja alinionyesha simu yake: mkurugenzi wa kampuni ya Marekani kauza hisa zake. Akauliza, na sisi tuuze zetu za DSE, soko la hisa la Dar es Salaam? Naomba tutulie.

Marekani, wakurugenzi, maofisa wakuu na wenye zaidi ya asilimia 10 ya hisa hutakiwa kutangaza wanachonunua au kuuza ndani ya siku 2 za kazi, kwa Fomu namba 4. Inasomwa bure mtandaoni kwenye EDGAR, mfumo wa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. Angalieni herufi: P amenunua kwa fedha yake, S ameuza, A amepewa na kampuni. Hiyo A isiwababaishe. Na mtu huuza kwa mengi, ada, kodi, nyumba. Mimi nazingatia P, hasa wakurugenzi wawili watatu wakinunua kwa pamoja.

Kwetu, fungueni ripoti ya mwaka ya kampuni, sehemu ya taarifa ya wakurugenzi. Mara nyingi hisa za kila mmoja zimeandikwa, mwaka huu na uliopita. Linganisheni.

Jambo moja nasisitiza: mwenye ndugu anayefanya kazi ndani ya kampuni asilete humu habari ambazo hazijatangazwa. Sheria ya masoko ya mitaji inakataza kununua au kuuza kwa siri hizo, na tutaumia wote.

Jumamosi saa 9 alasiri kila mtu aje na ripoti moja.