Fundi, Mbona Weupe Umerudi?

Swali hili halikauki hapa gereji, na mara nyingi huja na hasira. Safari hii aliyekuja nalo ana gari la bluu iliyokolea, paa na boneti vimejaa mabaka meupe kama mba. Alishalipia polishi kwingine, gari likang'aa siku chache, mabaka yakarudi. Akaja kwetu tufanye polishi ileile, "ila vizuri." Nikakataa, nikamtajia bei ya kupuliza rangi upya. Akasema mafundi wote lao moja, tunataka kumpiga pesa.

Sikubishana. Nilinyunyiza maji kwenye baka moja, weupe ukapotea, bluu ikatokea kama mpya. "Si unaona!" Nikamwambia, subiri, bosi. Maji yalipokauka, baka likarudi palepale. Lakini maji peke yake yanadanganya, maana hata rangi iliyofifia tu hufanya hivyo ikilowa. Nikamwambia apitishe ukucha ukingoni mwa baka. Ukakwama. Hapo klia, lile tabaka angavu linalolinda rangi kwa juu, imeachia.

Magari mengi ya sasa yana praima, yaani tabaka la kwanza juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha klia juu. Vyote pamoja, kutoka kiwandani, kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Klia peke yake ni 35 hadi 50 hivi. Unywele mmoja wa kichwani unaweza kuizidi unene. Jua ndilo linaloila, ndiyo maana paa na boneti hutangulia huku milango ikiwa bado na afya. Na polishi haiongezi kitu, inakwangua. Klia ikishabanduka, tunang'arisha nini? Ule mng'ao wa siku chache ulikuwa nta na mafuta yaliyojaza vinyweleo, mvua mbili tatu vikaondoka.

Si kila weupe ni msiba, lakini. Mzee mmoja alituletea gari la zamani, rangi yake haina klia kabisa. Nilisugua kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, kikatoka chekundu: rangi yenyewe imechakaa juu, chini nzima. Wanawe walishamshauri apulize gari lote. Tulipiga kompaundi, yaani polishi nzito ya kukwangua, tukamalizia nta, jioni akaondoka nalo, na pesa ya rangi ikabaki mfukoni mwake. Habari kama hiyo sijasikia mtu akiisimulia mtaani.

Vipele vidogo vinavyofura mara nyingi ni kutu inayotoka chini. Ikiwa ni kutu, hakuna mjadala, ni msasa mpaka kwenye bati. Doa la kinyesi cha ndege ukiliwahi linatoka. Likishachimba, ukucha utakuambia.

Sasa klia ya kopo, ile ya kujipulizia mwenyewe. Kuna aliyejipulizia paa lote nyumbani, juu ya klia iliyokuwa ikibanduka, bila hata msasa. Kwa muda lilipendeza, sikatai. Kisha ya zamani ikaendelea kubanduka na kuivuta mpya, vipande kama ngozi ya nyoka anayejivua. Tulikwangua siku mbili kabla ya kugusa praima, na bili ikapita ile aliyoikimbia mwanzo. Akaomba apunguziwe kwa sababu "nusu ya kazi" alishaifanya mwenyewe! Wanaosugua rangi kwa dawa ya meno na mafuta ya taa nao wapo, nawaacha leo.

Mnalalamika kwamba tunalipisha hata kuangalia. Kuangalia ni kazi. Tunaosha kwanza, maana gari chafu halisemi ukweli, kisha tunapima unene kila paneli, sehemu kadhaa. Mlango ukisoma mikroni 300 wakati mwenzake unasoma 120, huo ulishapulizwa. Ukipita 1,000, kuna puti chini, ile ya kuzibia mabonde kwenye bati. Kwenye mikunjo na kingo rangi huwa nyembamba, tunazifunika kwa tepu kabla ya kuwasha mashine ya polishi. Mwenye bei ya chini hafuniki, na pedi hula pembe mpaka praima inachungulia.

Yule wa bluu alikubali mwishowe. Tulipuliza paa na boneti, milango tukaipiga polishi tu, kwa sababu klia yake haijabanduka na kipimo kilionyesha unene bado unatosha. Siku ya kulichukua gari alikuja na chupa yake ya maji. Akamwaga juu ya paa, akasimama juani, mikono nyuma, akisubiri likauke.