Kazi ya viko inaendelea

Oya Hamisi, mambo vipi? Tanga mko poa, shemeji hajambo?

Uliniuliza hii kazi ya kutengeneza viko vya kuvutia tumbaku naendeleaje, maana unajua mi hata sivuti hahaha. Inaenda bana. Nilichokielewa mpaka saivi ni kwamba umbo sio ishu, ishu ni matundu. Umbo utalipata tu na tupa, ila tundu la moshi, lile jembamba la kama mm 4, lazima litokee chini kabisa kwenye sakafu ya bakuli, yaani lile shimo la kuwekea tumbaku, tena katikati, likitokea juu kidogo tu basi tumbaku ya chini haiungui, unyevu unajaa pale, mvutaji anasikia kiko kinakoroma mwanzo mwisho. Bakuli lenyewe upana kama mm 20 hivi, alafu kuta uziache nene la sivyo linaunguza mkono.

Ndo maana nimeanza na kipande kilichotobolewa tayari, kina na mdomo wake wa kuvutia wa eboniti, ule mpira mgumu, mi nachonga tu. Mbao yake inaitwa braya, ni kile kifundo cha kwenye mizizi ya mti wa Erica arborea, wanachimba huko Italia, Ugiriki, Algeria, wanakichemsha masaa kibao kitoe utomvu alafu kinakaushwa miezi na miezi. Mti huohuo upo hata hapo juu Kilimanjaro ila ni hifadhi, so usinitume nikachimbe.

Ule mpingo wako tuuache kwanza. Ni mgumu balaa na vumbi lake linawasha.

Alafu kitu kimoja fundi kama wewe utakipenda: ukipiga msasa usichomoe mdomo, unaupiga pamoja na shingo, ile sehemu ya mbao unapochomekwa, mpaka ukipitisha kucha pale kwenye maungio haikwami. Naenda namba 120, 220, 400, hapo nafuta na kitambaa kibichi nyuzi za mbao zisimame, ikikauka nasugua tena. Mwisho nta tu, vanishi hapana, joto linaitoa malengelenge.

Kingine, yale mawe meupe ya Sinya kule Longido unayajua? Mepesi mpaka yakiwa makavu yanaelea kwenye maji, na zamani hapahapa Arusha walikuwa wanayachonga viko. Ukija tukaulizie kama kuna mtu ana mabaki, jiwe lile likilowa linakatika hata kwa kisu cha kawaida. Na uniletee msasa namba 600, hadiwea za huku kwangu zinaishia 400.

Msalimie mama.