Tuachie simu, namba ya siri baki nayo

Wiki iliyopita mama mmoja alituletea simu iliyopasuka kioo. Aliiweka kwenye kaunta lakini mkono hakuuondoa. "Fundi, nikikuachia mpaka jioni, polisi wakija kuiulizia utawapa?"

Nilicheka, kisha nikaona si swali la kuchekwa. Wateja wetu wengi hapa City Heights, San Diego, wametoka Kongo, Kenya, Tanzania na Somalia, na wapo walioona askari akimpokonya mtu simu barabarani na kuanza kusoma meseji.

Jibu lina historia ya mji huuhuu. Mwaka 2009 polisi wa San Diego walimsimamisha dereva mmoja kwa sababu stika za usajili wa gari lake zilikuwa zimepitwa na wakati. Gari likapekuliwa, zikakutwa bastola, akakamatwa. Simu yake nayo ikachambuliwa picha na video bila hati ya mahakama, na vilivyomo vikatumika kumtia hatiani. Kesi hiyo, Riley dhidi ya California, ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 25 Juni 2014 majaji wote tisa walikuwa upande mmoja: kumkamata mtu hakukupi ruhusa ya kupekua simu yake. Kachukue hati ya upekuzi kwanza.

Jimbo likaenda mbele zaidi. Maseneta wawili wa vyama vinavyopingana, Mark Leno na Joel Anderson, walipeleka bungeni sheria ya California inayowataka polisi wawe na hati kabla ya kupekua simu na data za mtu, inayojulikana kama CalECPA. Gavana Jerry Brown aliitia saini Oktoba 2015, ikaanza kazi 1 Januari 2016. (Brown huyohuyo, mwaka 2011, aliukataa muswada wa Leno uliotaka hati kabla ya kupekua simu za waliokamatwa. Watu hubadilika.) Sheria hii haiishii kwenye simu iliyo mfukoni mwako. Polisi wakitaka kampuni ya simu iwape rekodi za mahali ulipokuwa, au kampuni ya barua pepe iwape ulichoandika, kwa kawaida hapo pia lazima wawe na hati. Dharura ya kuokoa maisha ina utaratibu wake, na simu iliyopotea au kuibiwa inaweza kufunguliwa ili atafutwe mwenyewe.

Sasa turudi kwenye kaunta, maana hapa ndipo watu wengi hawapatazami. Polisi wanaweza kuifungua simu bila hati ikiwa aliye nayo kihalali ameridhia. Na aliye nayo kihalali, kwa maneno ya sheria, ni mwenye simu au mtu aliyekabidhiwa na mwenye simu. Mimi si wakili. Lakini nisomavyo, simu yako ikiwa ndani ya droo yangu, mtu huyo anaweza kuwa mimi.

Kuna jingine. CalECPA inaifunga serikali. Fundi mdadisi anayejipitishia kwenye picha zako za harusi si serikali, haimgusi. Ile sheria nyingine ya data za wateja, CCPA, iliyoanza 2020, imelenga hasa wenye mapato yanayozidi dola milioni 26.6 kwa mwaka (mwanzoni ilikuwa 25; ikapandishwa 2025) au wanaoshughulika na data za watu wengi mno. Sisi tukifika milioni moja tutachinja mbuzi.

Kwa hiyo hatuombi namba ya siri. Kubadilisha kioo, betri au tundu la chaji hakuihitaji. Kioo kipya tunakijaribu simu ikiwa imefungwa: tochi, kamera, vitufe vya simu ya dharura. Yaliyobaki utayajaribu mwenyewe ukija kuichukua, tukiwa wote hapo. Samsung na Pixel nyingi za miaka ya karibuni zina hali maalumu ya matengenezo inayoficha picha, meseji na akaunti zako fundi akiwa kazini. Hujui inawashwa wapi? Njoo tukuoneshe, hatutozi kitu. Tatizo likiwa la programu na lazima simu ifunguliwe, utaifungua wewe na utakaa kwenye kiti pale mpaka tumalize. Kiti si kizuri sana, samahani.

Polisi wakija, tutawaomba hati. Wakiwa nayo tutawakabidhi simu kama tulivyoipokea, imefungwa. Wasipokuwa nayo hatutaridhia kwa niaba yako.

Ila usiichukue CalECPA ukadhani inavuka mpaka. Inawahusu polisi wa jiji, masherifu na idara za jimbo, haiwafungi maofisa wa serikali kuu ya Marekani. Pale kwenye kivuko cha mpaka cha San Ysidro ukirudi kutoka Tijuana, Mexico, au uwanja wa ndege ukitoka Nairobi, ofisa wa mpakani anaweza kuikagua simu yako bila hati ya jaji. Wanaosafiri tunawashauri wazime simu kabisa kabla ya kufika kwenye foleni, na wasibebe kwenye simu mambo yasiyohitajika safarini.

Na kama uliwahi kumpa fundi namba yako, akaiandika kwenye kipande cha plasta mgongoni mwa simu, ibadilishe leo. Hata kama fundi huyo alikuwa mimi, miaka ile tulipofungua duka.